Peke yako jukwaani, lakini unaongea na nani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji, Kigoma, nina miaka 29. Nimeigiza tangu nikiwa mwanafunzi, baadaye kwenye kikundi cha sanaa kilichozunguka vijijini kuelimisha watu kuhusu afya. Sasa nataka kutengeneza onyesho la mtu mmoja kuhusu bibi yangu mzaa mama, ambaye aliuza dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi miaka mingi na alisafiri mara kwa mara na meli ya Liemba kwenda kusini mwa ziwa Tanganyika. Bado yupo, ni mzee sana. Nimeandika kurasa 30, lakini nikizisema mbele ya kioo nasikika kama natoa hotuba. Je, ni lazima kwanza niache kazi nikasome uigizaji wa ngazi ya juu Bagamoyo au Dar es Salaam? Na mtu mmoja anawezaje kuwa watu saba bila kuonekana kituko? – Mwalimu Z., Ujiji

JIBU: Mwalimu, anza kwa kukifunika hicho kioo. Unaongea huku unajitazama, na hakuna bibi, wa kwako wala wa kwangu, aliyewahi kumhadithia mtu maisha yake huku akijikagua uso. Hotuba inaanzia hapo. Mtu asiyejua anaongea na nani hujikuta anaongea na wote kwa pamoja, na anayeongea na wote kwa pamoja sisi tunamwita mgeni rasmi.

Nakuambia haya kwa sababu yalinikuta. Onyesho langu la kwanza la peke yangu nililifanyia hukohuko kwenu, miaka mingi iliyopita, kwenye ukumbi wa shule wenye bati lisilo na dari. Niliigiza kijana aliyefukuzwa kazi mjini, ameshuka kwenye treni na begi moja. Mwezi mzima nilijifungia chumbani na mazoezi, maneno nikayameza yote. Pakafika mahali kijana anasimama, anatazama mbali, anauliza kwa uchungu, "Sasa niende wapi?" Nilikuwa nimepanga kimya cha sekunde tano. Sekunde ya pili haijaisha, mama mmoja wa safu ya mbele, mtoto mgongoni, akanijibu: "Uende wapi tena baba, hapa ndiyo mwisho wa reli!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nami nikafanya kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka usiku navuta shuka hadi usoni: nikajifanya sikusikia. Nikaendelea na uchungu wangu. Kuanzia hapo watu walinitazama kwa adabu tu, kama wanavyomtazama mtu anayeongea peke yake barabarani.

Yule mama hakuniharibia kitu. Niliuliza swali, akalijibu, kama alivyolelewa. Sisi tumekulia ndani ya sanaa ya mtu mmoja kabla hatujasikia neno jukwaa. Fanani anasema "Paukwa", hadhira inaitika "Pakawa", na hadithi haijaanza bado lakini kila aliyekaa pale ameshapewa kazi. Ebrahim Hussein, mwandishi wetu wa tamthilia, alilielewa hilo vizuri. Baada ya kuandika Kinjeketile, mchezo wa 1969 wenye umati wa watu, mwaka 1976 alitoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, kazi mbili zilizojengwa juu ya mtambaji, yaani msimulia hadithi, mmoja. Zitafute, uzisome kwa sauti, na kila ukurasa usikilize ni wapi anakuachia nafasi ya kuitikiwa.

Wa mbali nao walifika palepale kwa njia yao. Mrusi Anton Chekhov aliandika kichekesho kifupi cha mtu mmoja, toleo lake la kwanza ni la 1886, ambamo mwanamume ametumwa na mkewe kutoa mhadhara kuhusu madhara ya tumbaku. Watazamaji wote, bila kuombwa, wanageuka kuwa wasikilizaji wa mhadhara. Tumbaku inasahaulika, bwana anaishia kuwamwagia siri za nyumbani kwake, akiwa na hofu kwamba mke yuko karibu na atamsikia. Ona jinsi swali la "anaongea na nani" lilivyozaa mchezo mzima.

Kwa hiyo chukua kurasa zako 30 na kalamu nyekundu, ambayo najua unayo. Pembeni ya kila aya andika jina la anayeambiwa maneno hayo. Usiandike "watazamaji". Andika mteja mwenye haraka, mjukuu asiyetaka kulala, karani wa meli, marehemu babu. Pale ambapo jina halipatikani, futa, hata kama ni aya uliyoililia ulipoiandika. Ukibaki na kurasa 14 au 15 usishtuke. Zikisemwa kwa mwendo wa kawaida, na kazi za mikono na vimya vyake, zinafika dakika 40, na dakika 40 za mtu mmoja ni nyingi kuliko unavyodhani.

Kurasa zako sijaziona, basi natunga mfano. Tuseme umeandika: "Niliolewa na miaka kumi na saba. Mume wangu alikuwa mvuvi. Siku moja hakurudi kutoka ziwani. Nililia sana, nikaanza biashara ya dagaa ili niwalee watoto." Yote kweli, na hakuna cha kuigiza hata kimoja. Sasa mweke bibi mbele ya mteja, na sado, kile kindoo cha kupimia, mkononi:

"Sado mbili? Haya, tanua mfuko. Usinitazame mkono, mkono wangu haupunji. Moja. Hawa wa juzi, wa giza la mwisho, hawana mchanga. Na hivi ndivyo nilivyokuwa nahesabu mitumbwi ikirudi. Mmoja, wa pili, wa tatu ukiingia nabandika maji ya baba yenu ya kuoga. Siku ile nilihesabu mpaka tisa." Sado iko hewani, imejaa. Kimya. "Ulisema ngapi wewe?"

Hajasema kwamba mume amekufa. Hajalia. Anataka kuuza dagaa, basi. Mrusi Konstantin Stanislavski, mwalimu wa waigizaji aliyeishi 1863 hadi 1938, alitumia miaka mingi kufundisha swali hilo moja: mhusika anataka nini, sasa hivi, kutoka kwa huyu aliye mbele yake? Bibi anataka kumalizana na mteja; msiba unamkatiza katikati ya biashara naye anaufukuza kwa swali la kipimo. Waache watazamaji walie wao. Mwigizaji akimwaga machozi yote, wao wanabaki wakavu wakimhurumia leso yake.

Mwili sasa. Nenda Kibirizi asubuhi, mara tatu, simu iache nyumbani. Tazama wanaoanika. Anayetandaza dagaa mchangani anakunjika kutoka kiunoni, miguu imenyooka, mgongo umelala kama meza, na akiinuka anashika nyonga kwanza. Anayetandaza kwenye kichanja anasimama wima, mabega ndiyo yanayochoka. Bibi yako alianika wapi? Muulize. Ukipata jibu umepata mgongo wake wa uzeeni, jinsi anavyoinuka kitini, hata sababu ya yeye kushika kiuno kabla ya kujibu salamu. Huo ndio uzee. Wanafunzi wangu wengi wakiambiwa waigize mzee wanatafuta fimbo na kutetemesha kidevu. Mimi huwaomba wanionyeshe kwanza mzee huyo alifanya kazi gani akiwa na miaka thelathini.

Kisha nunua dagaa wa kweli, kaa sebuleni, upepete na upime nusu saa kila siku kwa wiki nzima. Wiki ya pili fanya yaleyale bila dagaa. Mkono uwe umejua uzito wa sado ikijaa na wepesi wake ikimwagwa. Watu wa Kigoma watakusamehe mengi, ila kumpima dagaa hewani kama mtu anayechota maji hawatakusamehe.

Watu saba ni wengi kwa onyesho la kwanza. Baki na wanne. Na usianzie kwenye sauti, maana huko ndiko kunakotoka vituko: bibi wa kukwaruza, mwanamume wa kuunguruma, mtoto wa puani. Dakika ya kumi koo limekauka na ukumbi unaona katuni. Anzia kwenye macho. Bibi ameketi kwenye kigoda, karani wa meli amesimama mbele yake. Ukiwa bibi, macho yapande kuelekea kulia, juu kidogo ya vichwa vya safu ya nyuma. Ukiwa karani, macho yashuke kuelekea kushoto, usawa wa magoti ya waliokaa mbele. Alama hizo mbili usizihamishe kamwe. Ukizihamisha karani atarefuka na kufupika mbele ya macho ya watu, na wao wataacha kusikiliza ili wamtafute.

Baada ya macho, uzito. Karani uzito wake uko visiginoni, ana muda wote wa dunia. Bibi uzito uko mbele, anawaza mzigo alioacha gatini. Baada ya uzito, pumzi. Kati ya mtu mmoja na mwingine vuta pumzi moja, ndogo, ya yule anayekuja. Sauti itabadilika yenyewe kidogo, na hicho kidogo kinatosha. Usiruke huku na huku kukaa "mahali pa karani" kisha "mahali pa bibi", utafanana na mtu anayecheza rede peke yake. Geuza kichwa, pumua, umeshafika. Fanya mazungumzo hayo mara kumi bila neno hata moja, na mwenzako akitazama aweze kukuambia nani alikuwa anaongea na nani alikuwa anashinda.

Liemba ndipo naona utajiri mkubwa na mtego mkubwa. Mtego ni historia. Meli ile ilijengwa Ujerumani, ikaunganishwa hapo Kigoma wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini. Najua unatamani kuyasema yote hayo. Bibi hakuzijua tarehe hizo. Alijua ubavu wa chuma unaoteleza, harufu ya mafuta, na sauti ya honi usiku wakati mtoto ndiyo kwanza amelala.

Vituo vingi vya kusini havikuwa na gati. Meli inasimama majini, mitumbwi inaizunguka, watu na magunia na kuku wanapanda na kushuka ubavuni, mara nyingi gizani. Hiyo ni zawadi kwa mwigizaji mwenye kigoda na kitenge. Kitenge kikiwa begani ni bibi. Kikisokotwa ni kamba iliyorushwa kutoka juu. Kikiviringishwa na kubebwa ni mtoto. Weka mguu mmoja juu ya kigoda, huo uko melini. Mwingine uache sakafuni, huo uko mtumbwini. Mtumbwi unasogea mbali. Meli haisogei. Mwili wako ubaki hapo katikati, unavutwa huku na huku, na mtoto umeinuliwa juu ya kichwa. Anaongea na nani? Na mkono asiouona vizuri, kule juu: "Mshike! Umemshika? Sema umemshika!" Usiachie kitenge mpaka huo mkono ukujibu. Kaa hapo muda mrefu kuliko unavyoona vyema. Nakuhakikishia wavuvi waliokaa mbele watashika viti vyao.

Vifaa basi ni hivyo: kigoda, kitenge, sado. Mwongozaji wa Kipolandi Jerzy Grotowski, miaka ya 1960, alijaribu kuondoa jukwaani taa za mbwembwe, mapambo, maleba (mavazi ya kuigizia), muziki wa kurekodi, akakuta vyote vinaondoka na maonyesho yanabaki, ila ukimwondoa mwigizaji au mtazamaji hakuna kitu tena. Alifanya hivyo kwa kuchagua. Sisi tunaoigiza umeme ukikatika tunaweza kumshukuru kwa kutupa sababu za kisomi.

Kuhusu mahali, ningekuwa wewe nisingehangaika na ukumbi kwa mara ya kwanza. Ningeigizia mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Lakini pana hesabu zake. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo ukiwapa ziwa mgongo sauti yako inabebwa kwa watu, na ukiligeukia unaongea na nyangumi wa kufikirika. Tatizo ni jua: linazama ng'ambo, nyuma ya milima ya Kongo, yaani nyuma yako, na watazamaji wataona kivuli cheusi huku wamekunja nyuso. Kigoma jua linachelewa kuzama kwa kama dakika 40 kuliko Dar es Salaam, basi usianze saa kumi na mbili kama wanavyofanya wa pwani. Subiri jua liguse milima, kama saa moja kasoro.

Na chagua siku za mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifai kitu, mitumbwi inapumzika na wavuvi wako nchi kavu wakishona nyavu. Umepata hadhira na umepata taa, bure.

Sauti usiipaze. Tamka. Irabu zinasafiri zenyewe. Konsonanti ndizo zinazopotea kwenye upepo. Salamu za Kiha ziache kwa Kiha, na viganja vyake na magoti yake, usizitafsiri. "Mwakeye" ya bibi ikitoka vizuri watu watakuitikia bila kuambiwa, na hapo utakuwa umeshapata "Pakawa" yako.

Sasa shule. Nimeichelewesha makusudi. Bagamoyo ni mahali pa heshima: kilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, na huko utafundishwa kwa vitendo, ngoma, uigizaji, ufundi wa jukwaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, na huko utasoma zaidi, utaandika zaidi, na ukitaka utaendelea hadi shahada za juu. Ambacho vyote viwili vinatoa, na ambacho Ujiji huna, ni watu wanaokutazama kila siku kwa miaka na kukuambia ukweli bila kukuonea haya. Huo ndio uigizaji wa ngazi ya juu kwa sehemu kubwa. Hakuna siri ya chumbani wanayowapa wa mwaka wa tatu.

Lakini mwaka huu nisingeacha kazi. Ningetengeneza dakika 20 za kwanza, sado na Liemba tu, ningeziigiza mara tano kwa watu wa aina tano: walimu wenzako, wanafunzi wa darasa la saba, kina mama wa Kibirizi, wavuvi, ndugu wa bibi. Ndipo ningeomba chuo. Anayekwenda na kazi iliyomkwama mahali anapopajua huwauliza walimu maswali ya maana. Anayekwenda na kipaji tu husubiri asifiwe, na nimewaona wakisubiri mpaka mahafali.

Wakati huo mtafute mtu wa kuwa jicho la nje. Akae na daftari, aandike dakika aliyochoka. Asiwe mumeo, asiwe rafiki yako wa karibu. Mwalimu wa hisabati atafaa sana.

Vibali navipitia haraka. Onyesho la hadharani, hasa la kiingilio, usilitangaze kabla ya kumwona Afisa Utamaduni wa manispaa. Michezo ya jukwaani ina sheria yake ya vibali tangu 1976, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya 1984, ndilo linalosajili wasanii. Nenda na maandishi yako na lugha nzuri.

Kuna kibali kingine ambacho nakipa uzito zaidi. Bibi yupo. Mwigizie yeye kwanza, ndani, mlango umefungwa, bila mjomba wala shangazi. Akikuambia hilo la mume wake litoe, litoe, hata kama ndilo zuri kuliko yote. Ila usishangae akisema tu kwamba unapima vibaya, akakunyang'anya sado akuonyeshe.

Hukuuliza, lakini utasahau maneno. Wote tunasahau, na peke yako hakuna wa kukuokoa kwa kukuanzishia sentensi. Usitazame juu kama mwanafunzi kwenye mtihani. Rudi kwenye kazi. Chota, jaza sado, tikisa izame, ongeza, mwaga. Mteja bado amesimama mbele yako na mfuko wake, hana habari kwamba umesahau, na mkono ukifika kwenye ya pili neno litakuwa limeshakuja lenyewe. Na mama fulani wa safu ya mbele akikudakia kabla hujamaliza, mgeukie, muulize anataka ngapi, umpimie na yeye.